Fuko wa Thika na Ramani ya Ubongo Iliyochorwa Ng'ambo

Msimu wa mvua uliopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili iliyo kati ya Ruiru na Thika. Nilipokuwa nikingojea kengele, nilimwona mzee mmoja nyuma ya bwalo akitega mitego ya fuko. Vilima vya udongo mpya vilikuwa vimeota kama majipu katika shamba la viazi vitamu la shule. Mzee aliinamisha ufito, akaufunga uzi, akaficha kitanzi ndani ya shimo. Haukupita muda ufito ukafyatuka, na mnyama akatoka akining'inia: mnene, manyoya ya kahawia, meno ya rangi ya chungwa na macho madogo kama punje za mtama. Wagikuyu humwita huko. Mzee alimtumbukiza katika debe lililokuwa na wenzake wawili, akatega tena.

Baadaye kidogo nilikuwa darasani. Somo lilihusu jinsi mwili unavyopokea habari na kuziitikia. Ubaoni palikuwa na mchoro wa ubongo wa panya wa maabara, ulionakiliwa kutoka kitabuni. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, pilipili haina moto, mbona ubongo huamini kwamba ulimi unaungua?" Nilimjibu kwa kadiri nilivyoweza. Ila kengele ya kutoka ilipolia nilitambua kwamba sehemu bora ya jibu lake ilikuwa imelala ndani ya debe la yule mzee, na kwamba mimi, niliyekuja kufundisha, nilikuwa nimeipita bila kuitaja.

Neva husafirisha habari ya maumivu kwa umeme, lakini inapofika ukingoni mwake katika uti wa mgongo humwaga kemikali ili seli inayofuata ipate kujua. Baadhi ya kemikali hizo ni nyuropeptidi, yaani minyororo mifupi ya amino asidi ambayo seli za neva hupelekeana kama barua. Barua hiyo husomwa tu na seli yenye kipokezi chake, ambacho ni protini iliyokaa juu ya utando wa seli. Pasipo na kipokezi, nyuropeptidi hupita kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Ndiyo sababu wataalamu huchora ramani mbili za ubongo: moja ya mahali nyuropeptidi inapotengenezwa, nyingine ya mahali vipokezi vyake vilipo. Bongo mbili zaweza kufanana kwa umbo kama mapacha, kumbe vipokezi vimepangwa tofauti na tabia za wenyewe hazilingani hata kidogo.

Kazi hii haikuanzia katika mitambo ya fahari. Mwaka 1931 Ulf von Euler na John Gaddum, wakiwa London, walichuja dutu fulani kutoka kwa ubongo na matumbo ya farasi, wakaiita dutu P. Ilichukua miaka 40, hadi 1971, kufahamu mpangilio wa amino asidi zake 11. Roger Guillemin na Andrew Schally, waliotunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1977, walitegemea mabaki ya machinjioni: vipande vya ubongo wa kondoo na nguruwe vilivyohesabiwa kwa mamilioni, ili kupata chembe tu ya homoni waliyoitafuta. Nikipita karibu na vichinjio vyetu nikaona vichwa vya mbuzi vikienda kuwa supu, huwakumbuka mabwana hao. (Supu yenyewe siikatai.)

Sasa turudi kwa fuko. Katika sehemu kame za nchi hii, upande wa Tsavo na Isiolo, kuna fuko asiye na manyoya, aishiye katika makundi makubwa chini ya ardhi kama nyuki, akiwa na malkia mmoja anayezaa. Jennifer Jarvis alimchunguza katika miaka ya 1960 akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamifu jijini Nairobi, katika kilichokuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1981, akiwa Cape Town, alitoa makala iliyoutangazia ulimwengu maisha hayo ya ajabu. Tangu hapo mnyama huyu wetu amefugwa katika maabara za Ulaya na Marekani, na ndiye aliyetoa majibu kadhaa ya maswali kama la yule msichana.

Mwaka 2008 watafiti wa Chicago na Berlin walieleza kwamba ukimdunga fuko huyu tindikali au kiini cha pilipili chini ya ngozi ya wayo, hajali. Neva za ngozi yake zinazohusika na maumivu ya namna hiyo hazina dutu P. Walipozipa neva hizo jeni ya kutengeneza dutu P, pilipili ikaanza kumuuma, lakini tindikali bado haikumsumbua. Inadhaniwa kwamba hali hii ilitokana na maisha ya mashimoni, ambamo pumzi za wengi hujaza hewa ya kaboni dioksidi, na gesi hiyo huzaa tindikali mwilini.

Mwaka 2010 wataalamu wa London walichora ramani ya vipokezi vya oksitosini katika ubongo wa fuko huyo. Oksitosini ni nyuropeptidi ya amino asidi tisa, ile ile ambayo mama zetu hutiwa kwa dripu hospitalini ili uchungu wa uzazi uongezeke au damu isitoke kupita kiasi baada ya kujifungua. Ubongo hugandishwa, hukatwa vipande vyembamba kupindukia, huloweshwa katika kemikali yenye mnururisho inayonata kwenye vipokezi hivyo pekee, kisha hulazwa juu ya filamu gizani. Filamu ikisafishwa, mahali penye vipokezi huonekana peusi. Walimlinganisha fuko wetu na fuko wa Rasi ya Afrika Kusini, aishiye peke yake. Yule mwenye jamii alikuwa na vipokezi vingi zaidi katika eneo la ndani la ubongo linalohusika na raha na mazoea.

Na huko wa Thika? Huyu si wa ukoo wa karibu na fuko asiye na manyoya, ingawa wote huchimba. Huishi peke yake, kila mmoja na shimo lake. Mwaka 2019 watafiti wa Berlin na Pretoria walitangaza kwamba yeye pia hahisi maumivu ya tindikali. Kwa hivyo wanyama wawili wa Kenya, wa koo mbalimbali, wamefikia mwisho mmoja. Je, walipitia njia moja? Vipokezi vya oksitosini vya mnyama mpweke namna hii vimekaa wapi katika ubongo wake? Maswali haya yamelala chini ya kahawa ya Ruiru, na mitego hukatiza uhai wake kila asubuhi bila mtu kuuliza lolote.

Nitaambiwa kwamba gharama ni kubwa. Ni kweli. Friji za nyuzi 80 chini ya sufuri, mashine za kukatia na kingamwili za kupakia rangi huagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni. Aidha, ubongo wa mnyama aliyefia mtegoni huharibika upesi, kwa hivyo yule mzee angehitaji mitego isiyoua na mtafiti aliye karibu, mwenye vibali. Lakini karibu ipo. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kiko Juja, katikati ya Ruiru na Thika. Kilianza mwaka 1981 kama chuo cha kilimo na teknolojia, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Nayo sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 inaagiza Hazina ya Taifa itenge asilimia 2 ya pato la taifa kwa hazina ya utafiti. Wabunge waliipitisha, fedha zenyewe hazijawahi kufika kiwango hicho. Sioni haya kusema kwamba umaskini wetu katika jambo hili ni wa kuchagua.

Walimu nao wasisubiri Hazina. Kichwa kimoja cha mbuzi, msumeno na kisu kikali vyatosha kumwonyesha mwanafunzi wa Gatundu au Githurai sehemu ile ya ubongo iliyompa Guillemin umaarufu. Kitabu kikileta panya wa maabara, mwalimu anaweza kumleta huko.

Yule msichana nilimwandikia barua ya kurasa mbili. Kila nilipofika mahali pa kutaja aliyegundua jambo, niliandika Chicago, London, Berlin. Alinijibu kwa mstari mmoja, akiuliza kama kuna mtu Juja afanyaye kazi hiyo, ili amtembelee likizo ya Agosti. Sijamjibu bado. Ninawaomba wakuu wa idara zinazohusika wanipatie jina.