Anayeshindwa kesi ya kodi si lazima awe mwizi



Kila inaposikika kwamba mfanyabiashara fulani ameshindwa kesi ya kodi, waumini wetu hugawanyika. Wengine husema, "Mwizi kaumbuka." Wengine husema, "Kaonewa, nani ataishinda Serikali?" Pande zote mbili zimehukumu kabla ya kusikiliza. Leo tuitazame njia anayopita mlipakodi hadi kushindwa, maana ina fundisho kwa dhamiri zetu.

Hapa Tanzania mgogoro hauanzii mahakamani. Anayeona amekadiriwa kodi isiyo haki huwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA ndani ya siku 30. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka alipe kwanza kiasi asichokibishania, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea kipi ni kikubwa. Kamishna anaweza kupunguza au kuondoa sharti hilo kukiwa na sababu za msingi. Asiporidhika na uamuzi, hukata rufaa Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani, ambayo husikiliza hoja za kisheria tu.

Katika safari hiyo, mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi ni wa mlipakodi. Hapo ndipo wengi huangukia. Mwenye duka aliyeandika mauzo kwenye daftari lililoliwa na mchwa, aliyenunua mzigo bila risiti, au aliyechelewa kukata rufaa, anaweza kuwa na haki na bado akashindwa. Hakimu hasomi moyo wa mtu, anasoma vielelezo.

Kwa hiyo wanaoshindwa hawafanani. Wapo waliodanganya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inafundisha kwamba kulipa kodi ni wajibu wa kimaadili, na namba 2409 inautaja ukwepaji kodi pamoja na matendo mengine yanayovunja amri ya saba. Kwa hao, hukumu ni mlango wa toba. Zakayo hakuishia kusikitika. Aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu.

Wapo pia walioielewa sheria tofauti na TRA, kwa nia njema. Hao hawana dhambi ya kuungama, wana deni la kulipa. Na wapo waliokuwa na haki wakakosa ushahidi. Hao wa mwisho ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu wamepoteza fedha na jina vyote kwa pamoja. Jumuiya inayowanyooshea kidole inawahukumu mara ya pili.

Katika Mathayo 17:24-27, Petro aliulizwa kama mwalimu wake hulipa kodi ya Hekalu. Yesu alimweleza kwamba wana wa mfalme hawadaiwi. Hoja alikuwa nayo, lakini alilipa, kwa ajili yake na Petro, ili asiwakwaze watu. Anayelipa baada ya kushindwa, huku akiamini alikuwa na hoja, hajapoteza heshima yake mbele ya Mungu.

Aliyeshinda naye ana neno la kusikia. Watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji, aliwaambia wasitoze zaidi ya kilichopangwa (Luka 3:13). Makadirio ya kubahatisha, yaliyofanywa ili kufikia lengo la makusanyo, hayageuki kuwa haki kwa sababu tu mpinzani alikosa karatasi. Theluthi moja kwa kampuni kubwa inaweza kuwa fedha ya kutenga. Kwa mama mwenye duka moja inaweza kuwa mtaji wote. Ofisa Mkristo aliyepewa mamlaka ya kupokea maombi ya nafuu asiyaweke chini ya rundo la mafaili.

Yesu anatushauri pia kupatana na mshitaki tungali njiani, kabla ya kufika kwa hakimu (Mathayo 5:25). Kwa mlipakodi, njia hiyo ni kipindi cha pingamizi. Aliyekosea akiri mapema, maana kodi isiyolipwa kwa wakati huzaa riba. Aliye na haki aitetee mapema, akiwa na vitabu vyake mkononi.

Parokia zetu zina wahasibu na wanasheria. Kwa nini wasiwafundishe wafanyabiashara wa jumuiya zao, walau nusu siku baada ya Misa, namna ya kutunza kumbukumbu na kuhesabu siku za kisheria? Hiyo nayo ni sadaka. Nasi wanunuzi tudai risiti, hata ya kitu kidogo. Mwaminifu katika dogo, anasema Luka 16:10, huwa mwaminifu katika kubwa. Na siku ya kuulizwa, dogo hilo ndilo litakalosimama kuwa shahidi.