Dodoma iwafungulie wenza mashamba yake ya zabibu

Tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na ile ya haraka haimalizi saa nne kutoka Dar es Salaam. Mtu anatoka ofisini Ijumaa jioni, usiku uleule analala Dodoma. Kwa familia nyingi za watumishi wa umma jambo hili si dogo. Serikali ilipoanza kuhamia makao makuu kwa dhati mwaka 2016, nyumba nyingi ziligawanyika: mmoja kaifuata wizara yake, mwenzake kabaki Dar na kazi, biashara na shule za watoto. Mwisho wa wiki aliye Dodoma ndiye anayefungasha kurudi. Ninachotetea hapa ni safari ya upande wa pili. Mwenza aliye Dar apande treni aje, na Jumamosi asubuhi wawili hao wawe na mahali pa kwenda ambapo Dar hapapatikani: shamba la mizabibu, ambako wataona mvinyo unavyotengenezwa, watauonja, na wataondoka na chupa zao. Mapumziko hayo mafupi ya watu wawili yanaweza kumpa mkulima wa zabibu soko ambalo vikao vingi vya bei havijampa.

Tuanze na mkulima, maana yeye ndiye sababu ya hoja hii. Zabibu ni zao lisilosubiri. Mahindi utayaweka ghalani ukingoje bei ipande. Zabibu iliyoiva ikikaa siku chache juani inapoteza uzito, inapasuka, nyuki na inzi wanaimaliza. Mkulima wa Hombolo, Mpunguzi au Chinangali ana njia tatu: auze tunda bichi barabarani na sokoni, apeleke kiwandani, au akamue awe na mchuzi wa zabibu kwenye matenki akimngoja mnunuzi. Katika zote tatu anangoja mtu mwingine aje ataje bei, na msimu ukiwa mzuri, matenki ya viwanda yakajaa, bei hiyo inashuka wakati yeye ana mzigo mkubwa kuliko wote. Chupa moja ya mvinyo hutumia zabibu za kilo moja na robo hivi. Linganisha bei ya kilo hiyo shambani na bei ya chupa mezani hotelini, utaona fedha inakoishia. Mgeni anayenunua chupa penye shamba anafupisha njia hiyo yote, na hakuna ruzuku wala agizo la bei elekezi linaloweza kufanya hivyo kwa haraka kiasi hicho.

Wengine walishapita hapa. Ujerumani, katika eneo la Palatinate, mavuno ya 1934 na 1935 yalikuwa makubwa hata mvinyo ukakosa wanunuzi. Oktoba 1935 wenye mamlaka wakafungua barabara ya mvinyo yenye urefu wa kilometa 85 hivi, ikipita kijiji hadi kijiji, ili watu wa mijini waje na magari yao kunywa na kununua palepale. Waliofungua barabara ile walikuwa utawala wa Wanazi, na siusifu utawala huo kwa lolote. Lakini barabara imeuzidi umri utawala huo na ipo hadi leo kwa sababu iliwafaa wakulima. Karibu zaidi nasi, Afrika Kusini, wakulima watatu wa Stellenbosch, Frans Malan, Spatz Sperling na Niel Joubert, walianzisha njia yao ya mvinyo mwaka 1971. Malan alikuwa ameuona mfano huo Burgundy, Ufaransa. Leo mashamba yaliyo kwenye njia hiyo yanazidi mia moja, na wageni wengi huenda huko wawili wawili: wa fungate, wa kuadhimisha ndoa, wachumba. Watu wawili hawahitaji ukumbi wala jukwaa. Wanahitaji kivuli, meza, glasi safi, chakula kizuri na mwenyeji anayelijua shamba lake.

Na Dodoma ina kitu cha kuonyesha ambacho Burgundy haina. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi. Akipogoa leo, baada ya miezi minne hivi anavuna, na ndiyo maana mkoa una mavuno mawili, ya Februari na Machi na ya Agosti na Septemba. Mgeni anaweza kusimama kwenye njia moja ya udongo mwekundu akaona kushoto mizabibu imekatwa hadi vijiti vikavu, na kulia vichala vyeusi vya Makutupora vinavyoning'inia kwenye waya. Hiyo Makutupora ni zabibu ambayo mtu wa Bordeaux hajawahi kuionja, na ina jina la mahali ambapo kituo chetu cha utafiti wa zabibu kipo hadi leo. Zipo pia Syrah na Chenin Blanc kwa anayetaka kulinganisha. Kule Bihawana kuna historia ya wamisionari Wakatoliki walioleta miche katika miaka ya 1950. Ndani ya chumba cha kuchachushia, mgeni ataona maganda yamepanda juu ya tenki kama kofia nene ya zambarau, na mfanyakazi akiyashindilia chini ili rangi iingie kwenye mvinyo. Ni kazi ya mikono, inapendeza kuitazama, na mwenye kuielewa hataiona tena chupa ya Dodoma kuwa kinywaji cha bei rahisi tu.

Hapo ndipo penye pingamizi la kwanza: kwamba mvinyo wetu ni mtamu mno, na mtu mwenye uwezo wa kusafiri atachagua wa Afrika Kusini. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mvinyo wa Dodoma ni mtamu, kwa kuwa ndivyo wanywaji wetu wengi walivyoupenda. Lakini mtengenezaji anayeuza kwa jumla hukutana na mnywaji kupitia kwa msambazaji tu. Anayemwonjesha mgeni glasi ya mkavu na glasi ya mtamu, akamwona uso, anajifunza mara moja kipi akiboreshe. Ubora utakuja kwa mlango kufunguliwa. Tukingoja ubora kwanza tutangoja sana.

Pingamizi la imani nalipa uzito mkubwa zaidi. Wasomaji wengi wa gazeti hili hawanywi, kwa dini au kwa uamuzi wao, na hakuna anayepaswa kuwashawishi. Shamba la zabibu lina mengi zaidi ya pombe: tunda bichi, juisi, jemu, zabibu kavu. Na mtu anaweza kufuata darasa zima la kupogoa na kuvuna asiguse glasi. Shamba litakalompokea mgeni asiyekunywa kwa heshima ileile ndilo litakalopata familia, na wala halitapoteza kitu.

Ulevi na unyonyaji ndivyo vinavyonitia hofu hasa, na Afrika Kusini ni onyo vilevile kama ilivyo mfano. Kwa vizazi vingi wafanyakazi wa mashamba ya Cape walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Mpango huo ulikuja kupigwa marufuku, lakini madhara yake yangalipo: Western Cape ni miongoni mwa sehemu duniani zenye watoto wengi zaidi waliodhurika na pombe wakiwa tumboni. Kwa hiyo ujira shambani uwe fedha, bila kubishana. Kuonja kuwe funda mbili tatu kwa kila aina, na chombo cha kutemea kiwepo. Asiwepo mgeni anayeendesha: Franschhoek, hukohuko Cape, wana tramu ya mvinyo tangu 2012, na kwetu basi dogo aina ya Coaster linatosha kuzunguka shamba hadi shamba. Ada ya kuingia igawanywe kupitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, ili mwenye ekari moja apate sehemu yake, si mwenye hoteli peke yake.

Wanaotaka siku ya pili wana michoro ya miambani ya Kondoa, urithi wa dunia tangu 2006, na Chamwino kuna muziki wa Wagogo ambao sauti zake zilizopangika zimewashangaza wataalamu wa muziki wa nchi nyingi.

Mavuno ya pili yanaanza Agosti. Jiji la Dodoma na Halmashauri ya Chamwino wachague mashamba matatu yaliyo tayari, watoe leseni ndogo ya kuonjesha isiyomlazimu mkulima kulipia kama mwenye baa, waweke vibao barabarani, na wakae na Shirika la Reli kupanga tiketi ya Ijumaa hadi Jumapili kwa watu wawili. Nanyi wenza mliotenganishwa na kazi, mwisho wa wiki mmoja wa Agosti msikutane Dar.