Cheni ya pikipiki isikazwe kupita kiasi

Msimu wa korosho ukifika Ruangwa na Nachingwea, pikipiki ya nyumbani haipumziki. Asubuhi inapeleka watoto shule, mchana inabeba magunia kwenda ghala la AMCOS, usiku inamkimbiza mgonjwa zahanati. Ikianza kupiga kelele nyuma, wengi wana dawa moja: kaza cheni. Hasara nyingi huanzia hapo.

Cheni hupimwa pikipiki ikiwa tupu, lakini hufanya kazi ikiwa na mzigo. Gunia likikaa nyuma, shokapu hubonyea na cheni hujivuta. Iliyokazwa sana haina nafasi ya kujivuta. Itakula beringi na meno ya sproketi, na mwisho hukatika. Iliyolegea sana nayo huruka meno, na inaweza kunasa ikafunga tairi la nyuma ghafla, mama na mtoto wakiwa juu.

Kupima si kazi ngumu. Zima injini, toa ufunguo, weka gia huru na simamisha pikipiki kwa stendi kubwa. Weka rula katikati ya cheni ya chini, kisha isukume juu na chini kwa kidole. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150, icheze sentimita 2 hadi 3. Kitabu cha pikipiki kikisema tofauti, fuata kitabu. Zungusha tairi kwa mkono na upime sehemu kadhaa, kwa kuwa cheni haichakai sawasawa. Sehemu iliyokaza zaidi ndiyo ya kufuata.

Kurekebisha, legeza nati ya ekseli ya nyuma. Geuza nati za kurekebishia, kulia na kushoto, kidogo kidogo kwa kiasi kilekile. Alama za pande zote mbili zilingane, la sivyo tairi litakaa upande. Kaza ekseli barabara, kisha pima tena. Mwisho jaribu breki ya nyuma, maana tairi likisogea nayo inaweza kubana.

Vumbi likishikana na grisi huwa kama msasa. Futa cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha, paka oili ya gia kiasi na ufute inayozidi. Usifanye hivyo injini ikiunguruma: kitambaa kikinaswa, vidole hufuata. Watoto wakae mbali, na abiria aliyevaa khanga au dera akusanye pindo kabla ya safari.

Cheni ikiweza kuvutwa nyuma ya sproketi hadi meno yakaonekana, haina tena cha kurekebishwa. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Baba na mama watenge fedha hiyo mapema, kabla magunia hayajaanza kupakiwa. Ni ndogo kuliko gharama ya kutibu mguu uliovunjika.