Wanaotaka mabwawa yafungwe wamekosea hesabu

Tangu bei ya gesi ilipopaa Ulaya mwaka 2022, vituo vya michezo vya umma nchini Uingereza vimekuwa vikizungumzwa kama wagonjwa wasio na tiba. Penye bwawa la kuogelea, bwawa ndilo linalokula sehemu kubwa ya bili. Katika baadhi ya halmashauri, vituo hivi huchangia hadi asilimia 40 ya hewa ya ukaa inayotokana moja kwa moja na shughuli za halmashauri. Madiwani wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Ila hoja nyingi zinazotolewa kwenye vikao vya bajeti hazisimami, na zikipita watakaoumia ni watoto na wazee. Siwezi kuzinyamazia.

Inayoniuma zaidi ni hii: "Dawa ya bili ni kufunga bwawa." Mtaala wa shule za England unadai kila mtoto amalize shule ya msingi akiwa anaweza kuogelea walau mita 25. Sisi tuliokulia pwani tulijifunzia baharini, bure, tukifundishwa na kaka zetu. Mtoto wa Birmingham hana bahari. Bwawa la mtaa wake likifungwa, shule italazimika kukodi basi kwenda mji mwingine, mzazi mwenye gari atawasha gari, na asiye na gari mwanawe hataogelea tena. Gharama imetoka kwenye vitabu vya halmashauri ikaingia mifukoni mwa watu, na moshi umehamia barabarani. Isitoshe, bwawa lililofungwa haliachi kudai. Ukiyaacha maji ndani, lazima yaendelee kuzungushwa na kutiwa dawa, la sivyo yataoza. Ukiyatoa, maji ya ardhini yanaweza kulisukuma tangi kutoka chini hadi lipasuke, na vigae vikaanza kubanduka.

Wengine husema tuanze na taa. Sawa, zibadilishwe ziwe za LED, ni kazi nyepesi na faida yake haina ubishi. Lakini kituo kilichobadilisha taa kikajipongeza hakijagusa kinachokimaliza.

Kinachokimaliza ni mvuke, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba takriban asilimia 70 ya nishati inayopotea kwenye bwawa hutoka na maji yanayogeuka mvuke pale juu. Chukua ndoo ya lita 20. Kuyapasha maji yake kutoka nyuzi 10 hadi nyuzi 28, joto la kawaida la bwawa la umma, kunahitaji chini ya nusu yuniti ya nishati. Maji ya ndoo hiyohiyo yakigeuka mvuke, yanaondoka na yuniti 13 hivi. Bwawa la mita 25 huweza kupoteza ndoo kama kumi kwa usiku mmoja, milango ikiwa imefungwa na hakuna hata mtu mmoja majini.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaosema kwamba kufunika bwawa ni kazi bure. Turubai la bwawa ni kitu cha kawaida sana: limeviringishwa kwenye roli upande mmoja, na muogeleaji wa mwisho akishatoka, wafanyakazi wawili wanalivuta hadi ng'ambo, au mota inalitandaza yenyewe. Ukiliinua pembe asubuhi utaona upande wa chini umejaa matone. Kila tone ni joto ambalo lingepanda darini. Idara hiyohiyo ya Marekani inasema bwawa linalofunikwa kila lisipotumika huweza kupunguza gharama ya kupasha maji kwa asilimia 50 hadi 70. Linalofunikwa usiku tu litaokoa pungufu ya hapo, lakini bado ni fedha ya kweli. Nimesikia pia kwamba waokoaji huchoka saa za kufunga na hawana nafasi ya kuhangaika na turubai. Uchovu wao ni wa kweli, basi iwekwe mota, na muda wa kutandaza uhesabiwe kwenye zamu na ulipwe. Turubai lililonunuliwa kisha likaachwa kwenye roli lake halimsaidii mtu.

Hoja nyingine inaonekana ya busara mpaka uichunguze: "Tuzime feni usiku, nani atazihitaji?" Jengo linazihitaji. Hewa ya bwawa ina unyevu na chembechembe zitokanazo na klorini, na ikikaa bila kutolewa inatua kwenye vyuma vya paa. Huko Uster, Uswisi, Mei 1985, dari ya zege iliwaangukia waogeleaji na watu 12 wakafa. Vyuma vilivyoishikilia vilikuwa vya aina isiyoshika kutu, lakini kloridi zilikuwa zimevitafuna kimyakimya. Sisemi kwamba feni za Uster zilizimwa. Nasema hewa ya bwawa si ya kuchezea. Njia salama ni kufunika maji kwanza. Mvuke ukipungua, feni zinaweza kupunguzwa kasi kwa kufuata kipimo cha unyevu. Anayezizima huku maji yako wazi anahamishia bili kwenye paa, na bili ya paa haina mfano.

Mtego wa namna hiyo upo pia kwenye joto. Berlin ilipopunguza joto la maji kwa nyuzi mbili kwenye mabwawa yake ya wazi mwaka 2022, ilikuwa hatua ya dharura inayoeleweka. Ndani ya jengo mambo ni tofauti. Watu huona ukumbi una joto jingi, wakasema hewa ipoozwe maji yabaki vilevile. Mafundi wa mabwawa huiweka hewa juu ya maji kwa nyuzi moja hivi kwa makusudi, kwa sababu hewa ikiwa baridi kuliko maji, maji hutoa mvuke kwa kasi zaidi na muogeleaji anatoka akitetemeka. Ukitaka kupunguza, punguza vyote viwili pamoja. Na usiguse bwawa dogo la watoto wachanga na la wagonjwa wa viungo: wao hawaogelei kwa nguvu ya kuwapasha miili.

Kuhusu taka, mazungumzo karibu yote huishia kwenye chupa za plastiki za mkahawani. Zikusanywe, ni vyema. Taka kubwa zaidi hupita sakafuni bila kuonekana. Chujio la mchanga likijaa uchafu husafishwa kwa kurudisha maji kinyumenyume, kisha maji hayo yote, yaliyokwisha kupashwa na kutiwa dawa, huenda kwenye mtaro. Waingereza wana mwongozo wa kuongeza lita 30 za maji mapya kwa kila muogeleaji, na hayo yanakuja kutoka bombani yakiwa baridi. Kibadilisha joto kikiwekwa njiani, maji yanayotoka hupasha yanayoingia. Na kuna hatua isiyohitaji mtambo wowote: watu waoge kwa sabuni kabla ya kuingia. Jasho na mafuta ya mwilini vikibaki bafuni, klorini itakayohitajika ni kidogo, na ule ukali unaochoma macho, ambao wengi huudhania ni dalili ya usafi, hupungua.

Wanaotetea afya wana hoja ninayoiheshimu. Wanaogopa kwamba kupunguza kasi ya pampu kutaleta maradhi, na kwa kweli kimelea cha Cryptosporidium huhimili klorini ya kawaida, hivyo uchujaji si mahali pa ubahili. Lakini pampu ina tabia moja: ukiipunguza kasi kwa asilimia 20, umeme inaotumia hushuka karibu nusu. Basi ipunguzwe usiku tu, kwa kidhibiti kinachofuata vipimo vya maji, na vipimo vikiyumba irudi juu yenyewe. Hapo sina mzozo na daktari yeyote.

Inabaki fedha. "Mambo hayo ni ya matajiri." Kituo cha St Sidwell's Point, kilichofunguliwa Exeter mwaka 2022 kwa viwango vya Passivhaus, yaani vya majengo yanayotumia nishati kidogo sana, kiligharimu mamilioni mengi ya pauni, na sitegemei kila mji ukijenge. Lakini Exmouth, jirani kabisa na hapo, mwaka 2023 kituo cha zamani kiliwekewa kompyuta za kampuni ya Deep Green, mtambo wenye ukubwa wa mashine ya kufulia. Kompyuta hizo zimezamishwa kwenye mafuta, na joto lake linapasha maji ya bwawa kwa sehemu kubwa ya muda. Mwaka huohuo, serikali ilitangaza zaidi ya pauni milioni 60 kwa mabwawa ya umma ya England, sehemu ya kulipia bili na sehemu ya kununulia vifaa vya kupunguza matumizi. Fedha ya bili huisha na bili. Halmashauri inayotaka kufunga bwawa na ilete kwanza vipimo viwili mezani: gesi iliyotumika usiku mmoja maji yakiwa wazi, na iliyotumika usiku mwingine yakiwa yamefunikwa.