Mkwaruzo wa Besi Si Ugeni

Wapo miongoni mwetu wanaoshikilia kwamba mwanamuziki anayeunganisha gita la besi na pedali ya mkwaruzo amekwisha uza utamaduni wake. Wanasema sauti ile ni makelele ya Ulaya na Marekani, na kwamba sikio la Mwafrika hupenda sauti safi. Dai hili hatuna budi kulikanusha, kwa sababu vijana wetu wanafundishwa kana kwamba ni historia.

Ni kweli kwamba pedali ilizaliwa Marekani. Katika wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, mtambo mbovu wa studio moja ya Nashville uliikwaruza sauti ya gita la besi la nyuzi sita la Grady Martin. Na mwaka 1962 ikauzwa pedali ya kuiga hitilafu hiyo. Lakini aliyebuni kifaa siye aliyebuni ladha. Ilimba ya Wagogo hubandikwa utando wa buibui kwenye tundu lake ili sauti ivume kwa mtetemo. Je, mafundi wake walijifunza Nashville? Mjini Kinshasa, kundi la Konono No. 1 la Mawangu Mingiedi lilizitia umeme likembe zake, ya besi ikiwamo, kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Mkwaruzo uliotokea wakaukumbatia badala ya kuuondoa.

Walakini hatuwatetei wanaokanyaga pedali bila kufikiri. Uzi mnene wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Pedali hukata vilele vya mawimbi hayo na kuzaa sauti za juu, ambazo huisaidia besi isikike hata katika redio ndogo. Lakini pedali nyingi zilizoundwa kwa gita la kawaida hupunguza uzito wenyewe wa besi, na wacheza dansi wakabaki bila ardhi ya kukanyaga. Dawa yake inajulikana: sauti safi ichanganywe na ile iliyokwaruzwa, zisikike pamoja.

Basi tuwafundishe wanafunzi kazi ya chombo kabla ya kuwafundisha kukihukumu. Utamaduni haulindwi kwa kuogopa waya. Hulindwa kwa kujua tunachokitaka, na kwa kukishurutisha chombo, popote kilipotoka, kitutumikie.