Leteni sumaku

Wiki iliyopita mmoja wetu alituma picha kwenye grupu. Gari. MGB ya mwaka 1965, nyekundu, viti viwili, paa la turubai, magurudumu ya waya yanang'aa kama sufuria mpya. Liko Uingereza, linauzwa. Chini ya picha muuzaji ameandika maelezo marefu kuliko barua ya kuomba kazi.

Majibu yakaanza. "Wazungu wanapenda vyuma kuliko watu." "Bei ya hilo gari inalisha bloku yetu yote." Wengine wakaweka kicheko, wakaenda kulala.

Sisi tulioandika hapa tulibaki na yale maelezo. Tukayasoma mara tatu. Na tunasema wazi: ile hasira ya kwanza ni hasira ya bure. Huyo mzee wa Uingereza hakuchukua posho ya mtu. Amelinunua gari bovu, amelitengeneza, sasa analiuza. Hata sisi tungefanya hivyo. Lakini ndani ya maelezo yake kuna jambo la kukasirikia kweli, na watu wamelipita bila kuliona. Jambo lenyewe ni makaratasi.

Kwanza mlijue gari. MGB zilitengenezwa katika mji wa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 mpaka 1980. Zilitoka zaidi ya laki tano, na nyingi zilipelekwa Amerika. Si gari la kifalme. Lilikuwa gari la kijana mwenye mshahara wa kawaida anayetaka kukimbia kidogo siku ya Jumapili. Injini ni ya silinda nne, sisi 1798, na kabureta mbili. Fundi yeyote wa garaji zetu akifungua boneti yake ataielewa kabla chai haijapoa.

Adui yake ni kutu. MGB haina chesisi ya pembeni kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Maji yanaingia kwenye zile mbavu zilizo chini ya milango, yanakaa humo, yanakula chuma kutoka ndani. Nje rangi bado nzuri, ndani mmebaki unga. Mzee huyu anasema alikata mbavu zote mbili, akachomelea mpya, akabadilisha sakafu, akafungua injini mpaka mwisho. Kila hatua amepiga picha. Risiti zote ziko kwenye faili.

Halafu anasema: namba ya bodi inaanza na GHN3, na gari lina cheti cha asili. Hapo ndipo tulipokaa kimya.

Maana kile kiwanda cha Abingdon kilifungwa mwaka 1980. Hakipo. Lakini madaftari yake yalihifadhiwa. Leo ukiwa na namba ya gari lako unaandikia jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, na wao wanafungua daftari la zamani wanakuandikia: gari hili liliundwa tarehe fulani, lilikuwa na rangi hii, injini namba hii, likapelekwa nchi ile. Kiwanda kimekufa, daftari linaongea.

Sasa tuje kwetu.

Tuna fundi mmoja katika makazi haya. Hatumtaji jina kwa sababu hakutuomba tumtaje. Alifanya kazi ya magari Bukavu miaka kumi na moja. Alisoma ufundi, akapata diploma, akafungua garaji na kaka yake. Siku ya kukimbia alibeba mtoto mmoja begani na mwingine mkononi. Diploma ilibaki ndani ya sanduku, sanduku ndani ya nyumba, na nyumba ikachomwa. Shule aliyosomea nayo haina madaftari tena.

Alipofika huku alikwenda kwenye shirika moja kujiandikisha kama fundi. Akaulizwa: cheti kiko wapi? Hakuna. Basi ingia kwenye mafunzo ya wanaoanza, miezi mitatu. Akaingia. Akafundishwa jina la spana. Mwalimu alikuwa kijana mzuri, lakini ilipofika siku ya breki, fundi wetu ndiye aliyemsaidia mwalimu. Mwisho akapigwa picha ameshika cheti cha "mwanafunzi wa awali". Mwaka uliofuata mradi mwingine ulikuja. Akaambiwa cheti chake ni cha awali mno, aanze tena.

Ndugu zetu wa mashirika, tunajua mnatusoma. Tunawaheshimu, na wengine wenu mnalala usiku sana kwa ajili yetu. Lakini jambo hili halina heshima. Mtu wa miaka kumi na moja ya kazi amehesabiwa mara mbili kama mtu mliyemfundisha kuanzia sifuri. Kwenye ripoti anaonekana kama mafanikio mawili. Kwake yeye ni miezi sita iliyopotea.

Tumeshasikia jibu lenu. "Tutajuaje kama anasema kweli? Gari haliwezi kudanganya, mtu anaweza."

Ndugu, magari yanadanganya kuliko watu! Kuna mbavu zilizojazwa puti badala ya chuma, halafu zikapulizwa rangi. Kuna gari lililobandikwa namba ya gari jingine. Kila anayenunua magari ya zamani anajua hivyo. Je, wameacha kununua? Hapana. Mnunuzi anakuja na sumaku ndogo mfukoni. Anaipitisha kwenye bodi polepole. Palipo na chuma sumaku inashika, palipo na puti inaanguka. Kazi ya dakika chache. Hamwambii muuzaji, "Kwa kuwa wengine ni waongo, gari lako nalihesabu kama bati tupu."

Basi leteni sumaku. Ndiyo hoja yetu yote.

Mpeni fundi injini isiyowaka. Mkae naye saa mbili. Mpeni fundi cherehani kitambaa na vipimo. Mpeni muuguzi mkunga mwenzake amuulize maswali. Mwongo ataanguka kabla ya chakula cha mchana. Na huku Uganda wala si jambo jipya: imekuwepo njia ya kumpima fundi aliyejifunza kazini, anafanya mtihani wa mikono, anapewa kitabu kinachoitwa Worker's PAS. Njia ipo. Mtihani mmoja una gharama ndogo kuliko miezi mitatu ya kumfundisha mtu anachokijua. Kwa nini miradi mingi inapenda kutufundisha kuliko kutupima?

Kuna mengine mawili ya magari ya Uingereza tunataka myasikie.

La kwanza ni hesabu ya pointi. Gari likitengenezwa upya sana, swali linakuja: hili bado ni lile gari, au ni jingine? Kwa miaka mingi serikali yao ilijibu kwa pointi. Bodi au chesisi ya asili, au mpya ya namna ileile, pointi 5. Sespensheni 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1. Bodi ni lazima iwepo, na jumla ikifika 8, gari linabaki na namba yake. Tazameni vizuri: injini ni pointi 1 tu! Unaweza kubadilisha moyo wa gari na bado likaitwa lenyewe. Kwetu sisi mtu akipoteza karatasi moja, pointi zake zote zimekwenda. Mikono ipo, akili ipo, miaka ipo, wateja wake wa zamani wamejaa humuhumu katika makazi na wanaweza kumshuhudia. Jumla: sifuri.

La pili ni herufi Q. Kuna magari ambayo asili yake au umri wake haujulikani. Yameungwa kwa vipande vya magari mengi, au makaratasi yamepotea kabisa. Uingereza hailipeleki gari hilo shimoni. Linakaguliwa usalama, kisha linapewa namba inayoanza na Q, linaingia barabarani pamoja na mengine. Wenye magari hawaipendi namba hiyo kwa sababu inashusha bei. Sisi tungeipokea kwa mikono miwili. Tupeni Q yetu! Andikeni: "Asili ya cheti chake haijathibitishwa, ujuzi wake umepimwa." Na iwe karatasi inayofunguliwa mlango, si ya kubandika ukutani.

Msiseme tunaomba upendeleo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 25, unasema mkimbizi asiyeweza kupata msaada wa serikali ya kwao asaidiwe kupata hati ambazo kwa kawaida angezipata huko. Na hati hizo zichukue nafasi ya zile rasmi, ziaminiwe mpaka utokee ushahidi wa kinyume. Kifungu cha 22 kinataja kutambua vyeti vya shule, diploma na digrii kutoka nje. Hayo yaliandikwa kabla hiyo MGB haijachorwa. Gari lilikuja baadaye, likatangulia kupata cheti.

Sasa tugeukie upande wetu, maana hatutaki kuwa watu wa kulaumu tu.

Yule mzee alipiga picha kila hatua. Sisi je? Tunafanya kazi nzuri halafu hatuandiki kitu. Mwenzetu amejenga nyumba kumi na mbili katika makazi haya, muulize picha, hana hata moja. Simu anayo! Amejaza video za mpira. Mwingine ameshona sare za shule nzima, hakuomba mwalimu mkuu aandike hata mistari miwili. Kisha mradi unakuja, tunasimama mikono mitupu, tunaanza kulia kwamba dunia haituamini. Daftari la Abingdon halikujiandika. Kuna karani aliyekaa akaandika gari moja, akaandika la pili, na wala hakujua kama kuna siku mtu atalihitaji.

Na wale kati yetu wanaonunua vyeti vya bandia kule mjini, tunawaambia bila kuficha: ninyi ndio puti. Kila mkikamatwa, wenye chuma cha kweli wanapigwa nyundo kwa ajili yenu.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Jumamosi baada ya mpira tunakaa chini ya mwembe na daftari kubwa la kurasa 200. Tumelichangia sisi wenyewe. Kila mwenye ufundi anakuja: jina, kazi, alijifunzia wapi, kwa nani, miaka mingapi, na watu wawili waliomwona akifanya kazi. Anaweka sahihi au dole gumba. Asiyejua kuandika, tutamwandikia. Picha za kazi tutaziweka kwenye simu mbili tofauti, ili moja ikiibiwa nyingine ibaki. Fundi wetu wa Bukavu amekubali kuwa ukurasa wa kwanza.

Tunajua daftari letu halina muhuri. Haliwezi kumpa mtu kazi peke yake. Lakini ofisa atakayesema "hamna kumbukumbu" atalikuta mezani kwake. Hapo swali litakuwa lake: atampima mtu huyu, au atamwandikisha tena kujifunza jina la spana?

Gari lile nyekundu labda limeshauzwa. Aliyelinunua asafiri salama, hatuna neno naye. Alilikagua kabla ya kulipa. Tunaomba nasi tukaguliwe vivyo hivyo.

Jumamosi, saa kumi, chini ya mwembe. Njooni na kalamu. Wafanyakazi wa mashirika, ninyi njooni na injini mbovu.