MKE WA INSTA, TRA HAWAMTAMBUI!

Leo tuiongelee kapo moja ya Mbeya mjini, majina nayahifadhi. Kaka yuko kwenye kampuni nzuri, dada ni binti wa kwetu Madibira, kwao wanalima mpunga. Wako sogea tukae mwaka wa tatu sasa, na mtoto wanaye. Kila wiki kaka anamposti: "mke wangu".

Juzi kampuni ikakubali kumlipia dada bima ya afya. Shangwe! Mwisho wa mwezi kaka kuangalia slipu ya mshahara, PAYE imepanda. Nasikia sasa anataka amtoe dada kwenye bima, eti mhasibu anamwibia.

Jamani, mhasibu hajaiba kitu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 7, inasema bima ya afya anayolipa mwajiri haihesabiwi kwenye kipato chako kama ni yako, ya mkeo au mumeo, na watoto wenu wasiozidi wanne, na mwajiri anaitoa bila ubaguzi. Mchumba hayumo. Kwa hiyo bima ya dada inahesabiwa kama kaka kaongezwa mshahara.

Piga hesabu. Tuseme bima ni laki moja kwa mwezi na kaka analipwa zaidi ya milioni. Huko juu PAYE ni 30%. Inaondoka 30,000 kila mwezi, 360,000 kwa mwaka.

Najua mtasema, "si mkikaa miaka miwili ni ndoa?" Hapo ndo wengi wanajichanganya. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, mnachukuliwa kuwa mmeoana. Mnachukuliwa tu, na mtu anaweza kupinga mahakamani. Kifungu hicho kinawasaidia sana madada siku ya kuachana, hata matunzo wanaweza kuomba. Ila ofisini mhasibu anataka cheti. Hata NHIF, ukitaka kumwandikisha mwenza, wanataka cheti.

Binafsi naona sio haki. Kama sheria inaweza kumuona huyu dada ni mke siku ya ugomvi, imuone pia siku anaumwa. Wabunge walifanyie kazi hilo.

Lakini kaka, kumtoa mama wa mtoto wako kwenye bima kisa 30,000? Hapana bana! Akilazwa siku mbili tu utalipa zaidi ya hiyo. Nenda kwa wazee Madibira, mkubaliane, kisha mtoe taarifa ya siku 21 mfunge ndoa hata ya bomani. Ukumbi na MC mtafanya mkipata hela. Cheti ukipeleke ofisini, makato ya bima ya dada yaondoke.

Na wewe dada unayeitwa "mke wangu" mtandaoni, muulize leo: kwenye fomu za kazini kwake ameandika nini?